Msiwafundishe vijana kuunda vifaru kabla ya malori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na tafadhali msinikate sana maana nawajua, barua ikiwa ndefu mnabakiza salamu na sahihi. Ukurasa wenu wa vijana ulitoa makala ya gemu za vita za kwenye kompyuta, ikaitaja Hearts of Iron IV, nikafurahi kweli kwa sababu ni nadra gazeti la Kiswahili kukumbuka kwamba mtaani kuna watu wanacheza kitu zaidi ya gemu za mpira. Lakini nilipofika kwenye ushauri kwa wanaoanza nikaishiwa nguvu. Mwandishi wenu anasema, kwa kifupi, viwanda vyote weka kwenye vifaru na ndege, jaza divisheni (vikosi vikubwa vya jeshi) mpakani mpaka zikose pa kukanyaga, halafu chora mshale wa kushambulia kwenye ramani uende. Sasa bwana, ukifuata ushauri huo utapigwa na mtu mwenye jeshi nusu ya lako, na hutajua hata umepigwa na nini.

Mi kazi yangu ni kupanga malori, mizigo ya transit, Dar mpaka Tunduma na kuvuka huko. Kwa hiyo mtu akinionyesha vita kwenye ramani, swali langu la kwanza halihusu vifaru, nauliza mafuta yanafikaje pale, kwa barabara ipi, na lori likishashusha linarudi saa ngapi. Na hii gemu, tofauti na wengi wanavyodhani, inauliza swali hilo hilo.

Kwa wasioijua, imetengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Sweden, ilitoka tarehe 6 Juni 2016, na inahusu Vita vya Pili vya Dunia, unachagua nchi yoyote mwaka 1936 au 1939 unaiendesha mwenyewe. Mwanzoni sapai, yaani kuwafikishia askari mahitaji yao, ilikuwa jambo jepesi, kila eneo lina uwezo wake, ukizidisha askari unaumia, basi. Halafu Novemba 2021 ikaja nyongeza inaitwa No Step Back pamoja na apdeti ya bure kwa wote, na hapo ndo wakabadilisha kila kitu. Sasa hivi mzigo unaanzia mji mkuu, unapita kwenye reli, unashuka kwenye bohari zilizochorwa kwenye ramani, na kutoka bohari kwenda kwa askari unabebwa na farasi au malori. Reli ina daraja, kuanzia 1 mpaka 5, na hapa ndipo wengi wanapoachwa, maana mzigo unaofika unapimwa kwa kile kipande dhaifu kuliko vyote njiani. Umejenga daraja la 5 kutoka Berlin mpaka Warsaw vizuri kabisa, mbele yake pakabaki kipande kimoja cha daraja la 1, basi wewe una reli ya daraja la 1, hela yote uliyotumia huku nyuma haikusaidii askari wa mbele hata kidogo.

Na treni zenyewe hazishuki kutoka mbinguni, zinatengenezwa kwenye viwanda vile vile vya kijeshi vinavyotengeneza bunduki na vifaru. Malori pia. Kwa hiyo mwandishi wenu anaposema viwanda vyote kwenye vifaru, anamwambia kijana asiwe na treni, asiwe na malori, halafu amtume Moscow.

Pale mtaani kwetu kuna sehemu ina kompyuta kadhaa, madogo wanalipia kwa saa, na mi napita pale jioni. Dogo mmoja anapenda sana Ujerumani (wote wanapenda Ujerumani, sijui kwa nini, labda ndo inayoonekana ina vifaru vizuri), alikuwa karibu na Smolensk, jeshi zima la jenerali mmoja, divisheni 24, nyingi za vifaru, zimerundikana zinalishwa na bohari moja. Ramani ya sapai imekuwa nyekundu tupu. Anauliza mbona hawasogei, mbona wanakufa na hakuna vita? Nikamwambia rudisha nusu nyuma. Akanitazama kama nimemwambia auze kompyuta. Akarudisha kwa shingo upande, baada ya siku kadhaa za kwenye gemu waliobaki wakapata chakula na wese la kutosha, wakaanza kutembea, na wakashinda mapigano ambayo wale 24 walikuwa wanashindwa. Hilo ndo jambo ambalo makala yenu ilitakiwa kuliandika kwenye mstari wa kwanza, kwamba ukipunguza askari mahali penye sapai ndogo jeshi linakuwa na nguvu zaidi. Kila divisheni inakula, ya vifaru inakula kuliko ya miguu, na kinachofika hapo hakiongezeki eti kwa sababu umeongeza walaji.

Historia yenyewe ndo ilivyokuwa, watengenezaji hawakujitungia. Wajerumani walipoingia Urusi tarehe 22 Juni 1941 picha zote tunazoonyeshwa ni vifaru, lakini jeshi lile liliingia na farasi zaidi ya laki sita, kwa sababu malori hayakutosha. Na reli za Urusi zilikuwa na upana wa milimita 1,524 wakati za Ujerumani ni 1,435, kwa hiyo treni ya Mjerumani haiwezi kupita, inabidi mafundi waende nyuma ya jeshi wanasogeza chuma kilomita baada ya kilomita. Sisi wa usafirishaji hatuhitaji kuelezwa sana hili, TAZARA ina milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ina 1,000, SGR ina 1,435, ndo maana pale Kidatu ilibidi pawepo mahali pa kuhamishia mzigo toka reli moja kwenda nyingine. Kwenye gemu, reli uliyoiteka haifanyi kazi hapo hapo, inakaa siku kadhaa kwanza. Mchezaji asiyejua anakimbiza vifaru mbele ya reli, afu anashangaa wamesimama porini. Ikija mvua ya vuli na tope ndo basi tena.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu ndo moyo wa jambo lote, mbebaji naye anakula. Rommel, jenerali wa Wajerumani kule Afrika Kaskazini, bandari yake kubwa ilikuwa Tripoli ya Libya, na alipofika El Alamein, Misri, mwaka 1942 alikuwa karibu kilomita 2,000 kutoka hapo, hakuna reli ya kuunganisha, barabara ya pwani moja, ndege za Waingereza juu. Benghazi na Tobruk zilikuwa karibu zaidi lakini uwezo wake mdogo na zinapigwa mabomu. Lori linalotoka Tripoli na mafuta linachoma mafuta njiani kwenda, linachoma tena kurudi, tairi zinakwisha, injini inakula mchanga, na lingine linaharibika linaachwa. Kila alipowapiga Waingereza akawasukuma mbele alikuwa anajiongezea umbali yeye, na kuwapunguzia wao, maana wao wanarudi karibu na Alexandria na maghala yao. Watu wanamsifia yule bwana kwa ujanja wa jangwani, sawa, lakini mi kila nikisoma habari zake naona meneja anayekubali oda za mbali bila kuuliza idara ya usafirishaji.

Kwenye gemu hiyo hali ipo. Ukibonyeza bohari unaweza kuiambia itumie malori badala ya farasi, na mkono wake unafika mbali zaidi, lakini malori yanatoka kwenye stoo yako na yanakufa. Ndege za adui zikipewa kazi ya kupiga sapai zinayamaliza malori na treni zako wakati wewe umekodolea macho mstari wa mbele. Nimeona watu wana vifaru maelfu na malori sifuri stoo, kabisa sifuri, na ukimwambia anasema ataunda baadaye.

Kwetu huku mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu hata farasi hakudumu. Vita ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, Waingereza wanamfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji mpaka Msumbiji mpaka Abercorn ambayo leo ni Mbala, Zambia, alikojisalimisha tarehe 25 Novemba 1918. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, malori machache yakazama kwenye matope, kwa hiyo mzigo ukawekwa kwenye vichwa vya watu. Pigeni hesabu kidogo. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku tano kwenda na tano kurudi ameshakula kumi, anafikisha 15. Safari ikiwa siku kumi kwenda amekula 20, anafikisha tano. Ikiwa siku 12 anafikisha kilo moja, yaani mtu mzima ametembea karibu mwezi mzima kwenda na kurudi ili askari mmoja ale siku moja. Mnaona? Ukitaka kumlisha askari wa mbali kidogo tu inabidi uongeze wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ndo maana wakachukuliwa watu kwa malaki kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (leo Malawi) na Kongo, na karibu laki moja upande wa Waingereza peke yake hawakurudi, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, risasi ziliua wachache. Kariakoo ya Dar na ile ya Nairobi ni sehemu zilizokuwa na kambi za hao watu. Gemu hii haihusu vita ile lakini mtu aliyeielewa hesabu ya mpagazi hahitaji kufundishwa kwa nini bohari ina mwisho wa mkono wake.

Kama mwandishi wenu anataka mfano wa kwenye gemu uliopita hapa hapa kwetu, achukue Waingereza mwaka 1940, afungue ramani ya Kenya na Somalia ya Mtaliano. Waitalia walikuwa na askari wengi Ethiopia, Eritrea na Somalia, lakini mfereji wa Suez umeshikwa na Mwingereza, meli zao hazipiti, kwa hiyo kila risasi waliyopiga haikuwa na ya kuirudishia. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo, Italia ya upande huu ukiiachia iko kamili inaonekana inatisha, ukikata bahari inaanza kukauka yenyewe taratibu. Halafu angalia alivyotembea Jenerali Cunningham wa Waingereza kutoka Kenya mwaka 1941, na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakiwemo wa kwetu, pamoja na wa Nigeria, Gold Coast (leo Ghana) na Afrika Kusini. Kismayu wakaiteka tarehe 14 Februari, wakapata bandari. Mogadishu tarehe 25 Februari, wakakuta akiba kubwa ya mafuta ambayo Waitalia hawakuiharibu, ile ndo iliwasukuma bara. Tarehe 16 Machi jeshi lingine likatoka Aden kwa meli likaikomboa Berbera, na kwa kufungua ile bandari njia ya sapai ikafupika sana, hakuna tena kuvuta kila kitu kutoka kusini. Tarehe 6 Aprili wako Addis Ababa. Siku 40 kutoka Mogadishu! Watu wanahadithia mapigano, mi naona bandari, mafuta, bandari.

Kwa hiyo hapo kwenye gemu usikimbilie Addis kwanza. Bandari inafanya kazi kama bohari na unaweza kuipandisha daraja, ukishaishika mzigo unakuja kwa meli moja kwa moja, lakini nazo meli za mizigo zihesabu maana zikizamishwa umekwisha. Barabara na reli za upande huu kwenye ramani ni duni kama zilivyokuwa kweli, kwa hiyo divisheni chache za miguu zilizopewa kampani yake ya sapai zitafanya kazi ambayo divisheni kumi za vifaru haziwezi. Ile kampani ya sapai inapunguza ulaji wa divisheni nzima, watu wanaidharau kwa sababu haipigi risasi, wanajaza mizinga. Na kama una jemadari mwenye sifa ya sapai mpeleke Afrika, usimweke Ufaransa ambako reli zimejaa kila kona, huko hata jenerali mvivu atalisha watu.

Ulaya nayo bandari ndo iliamua. Wamarekani walipotoka Normandy Agosti 1944 walikimbia kuliko sapai yao, reli za Ufaransa walikuwa wameshazipiga mabomu wao wenyewe, ikabidi waanzishe msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express, kuanzia 25 Agosti mpaka 16 Novemba, barabara za kwenda tu na za kurudi tu, usiku na mchana, magari karibu 6,000 kwenye kilele chake, na madereva watatu kati ya wanne walikuwa Wamarekani weusi. Hapo ndo pale dereva anapolala kwenye usukani na bado jeshi la Patton, jenerali wao, linakosa mafuta. Antwerp, bandari ya Ubelgiji, waliiteka mwanzoni mwa Septemba ikiwa nzima, lakini mto wa kuingilia bado umeshikwa na Wajerumani, meli ya kwanza ya mzigo ikaingia mwisho wa Novemba. Karibu miezi mitatu una bandari na huna bandari. Hili kwenye gemu limerahisishwa sana, ukishika mji umeshika bandari, na mi naona ni kasoro.

Kuna wanaokimbilia ndege. Ndege za mizigo zipo kwenye gemu, unaweza kudondosha sapai, na zinafaa kwa watu wachache kwa muda mfupi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 ilishuka bonde la Kabaw kule Burma kwenye masika ikilishwa kwa ndege, ikafika mto Chindwin, ikafanikiwa. Stalingrad Wajerumani walijaribu kulisha kwa ndege jeshi lao zima lililozingirwa, watu zaidi ya laki mbili, haikuwezekana, wakajisalimisha Februari 1943. Usiweke matumaini yako yote angani.

Na hata vita yetu ya Kagera, wazee waliokuwepo wanakumbuka mabasi na malori ya raia na mashirika yalivyochukuliwa kupeleka watu na vifaa, na Daraja la Kyaka lilivyolipuliwa Novemba 1978 ikabidi liwekwe jingine ndo vifaa vizito vivuke. Gazeti lenu kila mwaka linaandika habari za makamanda, sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa dereva.

Nisionekane naisifia gemu kupita kiasi. Sapai yote ni namba moja tu, unga na risasi na dawa vimekorogwa pamoja, mafuta peke yake ndo yalitenganishwa mwaka 2019. Treni hazina foleni, malori hayana mzani wala utingo anayeumwa, na farasi wa kwenye bohari za Tanganyika hawaugui mbung'o hata siku moja. Anayeutaka ugumu wote huo atachoka. Ila kwa gemu ambayo watu wengi wanaicheza kujifurahisha, kumlazimisha mtu ajenge reli kabla ya kushambulia ni jambo kubwa.

Sasa mkitoa ushauri tena, naomba uwe hivi, kabla ya vita fungua ramani ya sapai uiangalie, tafuta bohari iliyo karibu na mpaka, fuata reli yake mpaka mji mkuu na urekebishe kile kipande dhaifu. Weka kiwanda kimoja au viwili kwenye treni tangu mapema na vingine kwenye malori, usisubiri vita ianze maana hapo kila mtu anagombania chuma. Shambulia ukilenga bohari inayofuata au bandari, mji wenye jina kubwa unaweza kusubiri. Ukiishika simama, subiri reli ifanye kazi, afu ndo uende tena. Vifaru vije baada ya hapo, na vichache. Anayetaka kuunda 2,000 aunde, lakini ajue atavilisha nini.

Na kama mwandishi wenu anabisha sina ugomvi naye, aje tucheze, yeye achukue Italia na vifaru vyake vyote, mi nichukue Waingereza, tukutane Somalia. Laptopu ninayo, soda juu yangu, umeme ndo siwezi kuahidi.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam